Kutengwa kwa Kazi ya Mungu: Maana Yake Katika Biblia na Katika Kikundi

 

Katika toleo hili tumeona tuzungumze juu ya neno ambalo husikika sana makanisani, na siku hizi hata kwenye mikutano ya vikundi. Ni neno "kuwekwa wakfu", au "kutengwa kwa ajili ya Mungu". Wengine humwita mtu wa namna hii "mpakwa mafuta". Tumelichagua neno hili kwa sababu tumeliona likijenga vikundi, na pia tumeliona likivivunja.

Kikundi kimoja cha akina mama, ambacho hatutakitaja jina, kilikuwa kikichanga pesa za kununua matangi ya maji. Mwekahazina wao alikuwa pia kiongozi wa maombi, mama anayeheshimiwa sana. Siku moja mwanachama aliomba daftari lisomwe mbele ya wote. Akajibiwa ati mtumishi wa Mungu haulizwi maswali, na kwamba asimguse mpakwa mafuta asije akapata laana. Yule mama akaogopa, akanyamaza. Mwezi uliofuata hakuja mkutanoni. Wengine 6 wakamfuata, wakadai hisa zao. Baadaye daftari liliposomwa mbele ya afisa wa maendeleo ya jamii, pesa zilikuwa kamili, hakuna hata shilingi iliyopotea. Lakini wale 7 hawakurudi, na pesa zilizobaki zilitosha tangi moja tu.

Kumbe taabu haikuwa wizi. Taabu ilikuwa ni neno la Biblia lililoeleweka vibaya. Basi tulitazame neno hili pole pole.

NENO LENYEWE LINASEMA NINI?

Katika Kiswahili tunasema "takatifu". Neno hili linatokana na "takata", yaani kuwa safi. Ndiyo maana tukisikia "mtu mtakatifu" tunafikiria mtu asiye na doa. Lakini neno la Kiebrania ambalo Agano la Kale linatumia, "kadosh", wataalamu wengi hulieleza kwanza kama kitu kilichowekwa kando kwa ajili ya Mungu. Usafi unafuata baadaye. Chombo kinatengwa, halafu kinaoshwa kwa sababu ya kazi kitakayofanya.

Neno "wakfu" nalo tumelipata kutoka Kiarabu. Ndugu zetu Waislamu, kama wale wa Pwani, wanalijua vizuri. Mtu akitoa nyumba, shamba au kisima kuwa wakfu, mali hiyo haiuzwi tena wala hairithiwi na watoto wake. Faida yake inakwenda kwa msikiti, kwa chuo cha watoto, au kwa maskini. Kwa hiyo hata neno hilo lenyewe linatufundisha kwamba kitu cha wakfu kina mwenyewe, na kina kazi.

Tuangalie pia neno "kutengwa". Hapa tuwe waangalifu, kwa maana lina sura mbili. Mtu anaweza kutengwa na ukoo kwa sababu amekosa. Huko ni kufukuzwa. Lakini kuna kutenga kwa namna nyingine, na kila mkulima anakujua. Mahindi yakivunwa, tunachagua magunzi mazuri, tunayafunga kwa maganda yake na kuyatundika juu ya meko yapate moshi. Hayo ni mbegu. Hata njaa ikiingia, mama mwenye nyumba hayagusi. Je, mbegu imetengwa ili ikae pale juu ikitazama mahindi mengine kwa dharau? Hapana. Imetengwa ili irudi shambani, ioze, na nyumba nzima ipate chakula mwaka ujao.

KITU CHA KWANZA KUTAKASWA

Tukifungua Mwanzo sura ya 2, tunaona kwamba kitu cha kwanza ambacho Mungu alikitakasa ni siku. Haikuwa mtu, wala hekalu. Ni siku ya saba. Na siku hiyo ilitengwa kwa faida ya nani? Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inataja watoto, watumwa, ng'ombe, punda na mgeni anayekaa kwako. Wote wapumzike. Kwa hiyo tangu mwanzo, Mungu akitenga kitu, mnyonge anapata nafasi ya kupumua. Hicho ndicho kipimo cha kwanza tunachoweza kukitumia.

WALAWI WALIFANYA KAZI GANI?

Waisraeli walipotoka Misri, Mungu alisema kila mzaliwa wa kwanza ni wake. Baadaye akachukua kabila la Lawi mahali pa wazaliwa wa kwanza. Kitabu cha Hesabu, sura ya 3, kinaeleza jinsi jambo hili lilivyofanyika. Walawi walihesabiwa wakawa 22,000. Wazaliwa wa kwanza wa makabila mengine walikuwa 22,273. Walizidi kwa 273. Je, Musa alisema basi tuwaachie hao wachache? La. Kila mmoja wa wale 273 alilipiwa shekeli 5, na jumla yake, shekeli 1,365, imeandikwa wazi mpaka leo. Wasomaji wetu ambao ni makatibu na wawekahazina watafurahi kusikia kwamba mambo matakatifu yaliandikwa kwa hesabu kamili.

Na kazi ya Walawi ilikuwa nini? Wengi wetu tunawafikiria wakiimba na kufukiza ubani. Ukweli ni kwamba jangwani walikuwa wabebaji. Ukoo wa Gershoni ulibeba mapazia na kamba. Ukoo wa Merari ulibeba mbao, nguzo na misingi yake. Ukoo wa Kohathi ulibeba vyombo vitakatifu kabisa. Magari ya kukokotwa na ng'ombe yalipogawanywa, Wamerari wenye mizigo mizito walipewa 4, Wagershoni 2, na Wakohathi hawakupewa hata moja, maana vyombo vyao vilipaswa kubebwa mabegani. Tunaona hapa jambo la ajabu. Waliokaribia zaidi vitu vitakatifu ndio walioachwa watembee kwa miguu, na mzigo begani.

Walawi hawakupewa shamba kama makabila mengine. Waliishi kwa zaka ya watu. Lakini Hesabu sura ya 18 inaongeza jambo ambalo mara nyingi hatulisikii likihubiriwa: Walawi wenyewe walitakiwa kutoa zaka ya ile zaka waliyopokea. Mtu aliyetengwa hakusamehewa mchango.

Kuna upande wa pili pia, na tuuseme bila kuficha. Katika Nehemia sura ya 13 tunasoma kwamba watu waliacha kuwapa Walawi sehemu yao, na Walawi wakaacha huduma wakarudi kulima. Nehemia hakuwalaumu Walawi. Aliwakemea viongozi. Kwa hiyo kikundi kinachomtuma mtu kufanya kazi ya wote, kwa mfano kwenda mjini kufuatilia hati ya kikundi au kulinda kisima usiku, kisimwache alale njaa ati kwa sababu "anamtumikia Mungu". Hata katekista wetu ana watoto wanaohitaji vitabu.

FUNDI NA AKINA MAMA PIA

Watu wengine husema kwamba kutengwa ni kwa mapadre na masista tu. Tusome Kutoka sura ya 31 na ya 35. Mungu alimwita Bezaleli kwa jina lake, akamjaza Roho ili afanye kazi ya dhahabu, ya shaba, ya mawe na ya mbao. Akampa na mwenzake, Oholiabu. Na akina mama wenye ujuzi walisokota nyuzi kwa mikono yao, wengine wakasokota manyoya ya mbuzi. Hema takatifu lilitoka katika mikono hiyo.

Kwa hiyo akina mama wanaosuka viondo, vijana wanaofyatua matofali, na mzee anayetengeneza pampu ya kisima, wasidharau kazi zao wakidhani Roho yuko altareni peke yake.

HARUNI NA MAJINA KIFUANI

Haruni na wanawe walipowekwa kuwa makuhani, Musa alipaka damu ya kondoo katika sehemu tatu za mwili wao: ncha ya sikio la kulia, kidole gumba cha mkono wa kulia, na kidole gumba cha mguu wa kulia. Haya yako katika Walawi sura ya 8. Biblia haielezi sababu yake, lakini wafundishaji wengi huona hapo sikio la kusikiliza, mkono wa kutenda na mguu wa kwenda. Ulimi haukutajwa!

Tena, vazi la kuhani mkuu lilikuwa na mawe 12 kifuani, na majina ya makabila 12 yalichorwa juu yake. Kila mara Haruni alipoingia patakatifu aliingia na watu wote juu ya moyo wake. Hakuingia kwa niaba ya nyumba yake tu. Mwenyekiti anayekwenda ofisini kuomba msaada wa kikundi, kisha anarudi na mbolea ya shamba lake peke yake, amesahau majina yaliyo kifuani.

"MSIWAGUSE WAPAKWA MAFUTA WANGU": MAANA YAKE NINI?

Sasa tumefika kwenye fungu linalotumiwa kutisha watu. Onyo hilo liko katika Zaburi ya 105. Tunawaomba mlisome pamoja na mistari iliyo kabla yake, si peke yake. Zaburi inawazungumzia Abrahamu, Isaka na Yakobo wakati walipokuwa watu wachache, wageni, wasio na ardhi, wakihama kutoka taifa hadi taifa. Na walioonywa wasiwaguse ni akina nani? Ni wafalme. Yaani Mungu anawakataza wenye nguvu wasiwaonee wanyonge wanaotangatanga. Leo fungu hilo limegeuzwa chini juu. Linatumiwa na mwenye kiti kumnyamazisha asiye na kiti.

Wengine hutoa mfano wa Daudi, ambaye hakumuua mfalme Sauli kwa sababu Sauli alipakwa mafuta. Ni kweli. Lakini tusome sura yote, Samweli wa Kwanza sura ya 24. Daudi hakumdhuru, lakini je, alinyamaza? Alitoka pangoni, akamwita Sauli kwa sauti, akamwonyesha kipande cha vazi lake alichokikata, na akamwuliza mbele ya watu kwa nini anamwinda bila sababu. Kumheshimu mtu na kumwuliza swali ni mambo yanayokaa nyumba moja. Na Daudi mwenyewe alipokuwa mfalme na kukosa, nabii Nathani alikwenda akamwambia makosa yake usoni. Daudi hakusema "mimi ni mpakwa mafuta". Alikiri.

SAMWELI ASIMAMA MBELE YA WATU

Kama kuna mtu aliyetengwa kwa Mungu, ni Samweli. Mama yake, Hana, alimwekea nadhiri hata kabla ya mimba. Alipoacha kunyonya alipelekwa Shilo kukaa na kuhani Eli. Huko Shilo walikuwako vijana wengine waliokuwa wa ukoo wa kikuhani, wana wa Eli, Hofni na Finehasi. Hao walituma mtumishi na uma wa meno matatu, akachoma nyama ya sadaka chunguni na kujichukulia. Mtu akikataa, walitisha kuichukua kwa nguvu. Mwisho wao unajulikana.

Samweli alikuwa mtu wa namna nyingine. Alipozeeka, alikusanya Israeli yote. Tunasoma katika sura ya 12. Akauliza: nimechukua ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Ni nani niliyemdhulumu? Ni nani aliyenipa rushwa? Akasema yuko tayari kurudisha. Watu wakamjibu kwamba hakuchukua kitu kwa mtu yeyote, naye akamwita Mungu awe shahidi.

Tafadhalini tuone jambo hili. Hakuna aliyemshtaki Samweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba akaguliwe. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na kila mtu alijua alitengwa tangu tumboni, lakini hakuitumia nadhiri ya mama yake kuwa kifuniko cha daftari.

PESA ZILIZOTENGWA

Biblia inaeleza hata namna ya kutunza pesa za kazi ya Mungu. Katika Wafalme wa Pili sura ya 12, mfalme Yoashi aliagiza pesa za hekalu zitumiwe kutengeneza mahali palipobomoka. Mwaka wake wa 23 ulipofika, makuhani walikuwa bado hawajatengeneza. Basi kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Pesa zikijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakazihesabu na kuzifunga mifukoni, kisha zikapewa wasimamizi wa kazi ili walipe maseremala na waashi.

Mtu anaweza kutuambia: lakini sura hiyohiyo inasema wale wasimamizi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Ni kweli, imeandikwa hivyo. Lakini pesa zilipowafikia zilikuwa zimehesabiwa na watu wawili wa ofisi mbili mbalimbali, na ukuta uliotengenezwa ulionekana kwa macho. Uaminifu wao ulikuwa na mashahidi.

Nehemia naye, katika sura ile ya 13, aliweka watu 4 juu ya ghala: kuhani, mwandishi, Mlawi na msaidizi wao. Na mtume Paulo alipochangisha pesa za maskini wa Yerusalemu, hakuzibeba peke yake. Katika Wakorintho wa Pili sura ya 8 anaeleza kwamba alituma ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate nafasi ya kulaumu. Paulo mwenyewe anasema katika Warumi kwamba ametengwa kwa ajili ya Injili, na bado alitaka mashahidi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

KUTENGWA KUSIKOTAKIWA

Yesu alikemea namna moja ya kutenga. Katika Marko sura ya 7 anazungumza juu ya "Korbani". Mtu alikuwa akisema kwamba mali yake ni Korbani, yaani imewekwa kuwa sadaka kwa Mungu, na kwa hiyo wazazi wake wasitegemee msaada. Yesu aliona hila hiyo. Ukitenga kitu kwa Mungu ili umnyime mama yako chakula, hujamtolea Mungu. Hata leo mtu anaweza kuhudhuria kesha kila wiki, huku siku ya kuchimba mtaro wa maji haonekani, akisema yeye ni wa kiroho.

Yesu mwenyewe alipoeleza kwa nini alipakwa mafuta, kule Nazareti katika Luka sura ya 4, alisoma maneno ya nabii Isaya: kazi yake ni habari njema kwa maskini, kufunguliwa kwa wafungwa, kuona kwa vipofu.

SISI TULIOBATIZWA

Siku ya ubatizo, Mkristo hupakwa Krisma, mafuta yaliyobarikiwa na askofu, kwa kushirikishwa kazi ya Kristo aliye kuhani, nabii na mfalme. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba wito wa utakatifu ni wa waamini wote, na kwamba walei wanauishi katikati ya kazi za dunia. Kwa hiyo katika kikundi cha Wakristo 20 hakuna mpakwa mafuta mmoja. Wako 20. Yule mama aliyeomba daftari lisomwe, naye alipakwa mafuta.

Kanisa la Antiokia linatuonyesha mpango mzuri. Katika Matendo sura ya 13, jumuiya ilifunga na kusali, ikawatenga Barnaba na Sauli, ikawawekea mikono na kuwatuma. Walipomaliza safari, sura ya 14 inasema walirudi kulekule Antiokia, wakaita kanisa pamoja na kueleza yote yaliyotendeka. Walitumwa na watu, wakarudi kutoa ripoti kwa watu.

TUFANYE NINI KATIKA KIKUNDI?

1. Siku ya kuchagua viongozi, tuwaombee mbele ya wote, kisha tuwasomee kazi zao kama zilivyo katika katiba ya kikundi. Maombi bila kazi zilizoandikwa huleta mabishano.

2. Pesa zihesabiwe na watu wawili au zaidi wasio wa nyumba moja. Hata zile zinazotumwa kwa simu, ujumbe wake usomwe na kuandikwa daftarini.

3. Daftari lisomwe kila mwezi bila kungoja mtu aombe. Kiongozi akiomba mwenyewe, kama Samweli, hakuna atakayeonekana mchokozi.

4. Pesa zilizotengwa kwa matangi zisikopeshwe kwa mazishi au karo bila mkutano kukubali. Kama kuna haja, tuwe na mfuko mwingine wa dharura.

5. Anayefanya kazi ya wote apewe nauli na chakula. Naye atoe mchango wake kama wengine.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Katika kikundi chetu, ni nani anayeogopa kuuliza swali? Anaogopa nini?

- Je, kuna kazi tunayoidharau, ambayo Biblia inaonyesha ni kazi iliyotengwa kwa Mungu?

- Tulipowachagua viongozi wetu, tuliwaambia warudi kutuletea ripoti lini?

Tunashauri kikundi kisome Samweli wa Kwanza sura ya 12, mistari 5 ya kwanza, mwanzoni mwa mkutano ujao. Baada ya sala, daftari lifunguliwe. Kama mna wanachama walioondoka kwa kunyimwa jibu, tumeni watu wawili wakawaone nyumbani kabla ya siku hiyo, wawaalike nao waje kusikiliza.